Siku za Kula

Chuo kilipofungwa Machi ile kwa ajili ya corona, nilirudi nyumbani Mbwawa na begi moja, ndoo, na godoro langu la hosteli limefungwa kamba. Tuliambiwa tuondoke, hatukuambiwa tutarudi lini. Bodaboda alinishusha mbele ya nyumba yetu, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijapigwa plasta upande wa nyuma, na kabla sijamlipa, jirani yetu wa mkono wa kushoto akatoka akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mashallah! Umejaa, mwanangu! Chuo kimekukubali."

Mama akacheka, akanipokea ndoo. Nilimwona alivyofurahi. Kwa watu wa rika lake hilo ni neno la heri: mtoto aliyejaa ni mtoto anayekula akashiba, na mama yake hana la kuulizwa na mtu. Nimekaa na hasira ya neno lile miaka mingi, na leo naona yule jirani haikumstahili. Alinisifia kwa lugha aliyosifiwa nayo yeye. Mimi ndiye niliyeingia ndani, nikafunga mlango wa chumba ninacholala na mdogo wangu, nikasimama mbele ya kioo cha kabati na kuivuta blauzi nyuma ili nione kilichojaa ni nini.

Sisi hatukufungiwa ndani kwa amri kama tulivyokuwa tukisikia nchi nyingine. Baba aliendelea kuondoka alfajiri kwenda kazini Dar, soko liliendelea, watu waliendelea kuzikana. Lakini shule na vyuo vilifungwa, na mwanafunzi asiye na masomo hana pa kwenda. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na minne, naye nyumbani. Mlangoni tuliweka ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyoning'inizwa ili kuku wasiidonoe. Tulinawa mpaka mikono ikapauka. Baada ya hapo siku nzima ilikuwa mbele yetu, na hatukuwa na la kuifanyia.

Hosteli tulilala wasichana wanne chumba kimoja. Wiki ya pili mmoja wetu akafungua kundi la WhatsApp. Lengo lilikuwa moja: turudi chuo tukiwa wembamba. Kila Ijumaa kila mtu aweke picha yake ya ubavuni na uzito wake wa wiki. Aliyepungua anapigiwa makofi, aliyeongezeka anatumiwa picha ya kiboko. Tulicheka sana siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeitafuta ile picha ya kiboko.

Nilikwenda kupima uzito Maili Moja, kwa mzee anayekaa kando ya stendi na mizani yake juu ya kipande cha boksi. Namba sitaiandika hapa, wala zilizofuata. Najua watu wanavyosoma namba. Wanalinganisha na zao. Nitasema tu kwamba wiki ya kwanza niliongoza kundi kwa ukubwa, na yule kiboko nikatumiwa mimi.

Basi nikaanza. Asubuhi nilifanya mazoezi ya kwenye simu, ya mwanamke wa nchi nyingine aliyekuwa akiruka juu ya zulia jeupe bila kutoa jasho. Mimi niliruka juu ya sakafu ya saruji kati ya vitanda viwili, na mdogo wangu alikaa juu ya kitanda chake akinihesabia. Mchana nilikunywa maji ya limau yaliyochemshwa na tangawizi. Hayo hayakumshangaza mtu, maana Tanzania nzima ilikuwa inakunywa limau na tangawizi kukinga corona. Na kulikuwa na kujifukiza. Mama alichemsha majani ya mwarobaini na mchaichai kwenye sufuria kubwa, na kila mmoja wetu aliingia chini ya blanketi kuvuta mvuke. Wenzangu walijifukiza dakika chache wakatoka wakikohoa. Mimi nilikaa mpaka maji yakapoa, jioni nikayapasha nikarudia peke yangu, kwa sababu mtu mmoja kwenye kundi alisema jasho ni mafuta yanayotoka. Baba alinisifia. "Huyu ndiye anayeuelewa ugonjwa," alisema. Siku moja nilipotoka chini ya blanketi ukuta ukanizunguka, nikakaa chini kwa kishindo. Mama akasema ni dawa inafanya kazi.

Mizani iliposhuka, hamu ya kushuka zaidi ilinikaba. Kwenda Maili Moja kila mara ilikuwa mbali, kwa hiyo nyumbani nilijipima kiuno kwa uzi. Mdogo wangu alishika ncha moja, mimi nyingine, na pale ncha zilipokutana tulifunga fundo. Kila wiki fundo jipya lilikaa ndani ya lile la zamani. Alifurahia kila fundo kana kwamba tumefunga goli. Wiki moja nilimkuta amekata uzi wake mwenyewe, anajipima. Nilimwambia aache upuuzi, yeye bado mtoto, kisha nikaushika uzi wake ncha ya pili ili nimsaidie kupata kipimo sawasawa. Hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko yote niliyoyatenda mwaka ule.

Mama alikuwa ameanza kuniangalia sahani. Kwetu huwezi kukataa chakula bila kueleza. Nilikuwa nimeishiwa maelezo: tumbo linaniuma, nimekula kwa jirani, kichwa. Kisha mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia, na mimi nikapata mahali pa kujificha ambapo hakuna anayekwenda kukutafuta.

Mchana hakuna aliyeniuliza kwa nini sili. Jioni, adhana ya magharibi ilipotoka, nilitia tende mdomoni, nikanywa maji, nikasema naenda kuswali kwanza. Niliswali polepole. Niliongeza sunna, nikaongeza na dua ndefu, na niliporudi mkekani wenzangu walikuwa wameshamaliza uji, na mihogo ya nazi imebaki kidogo, nikasema nimetosheka, tumbo likikaa mchana kutwa linasinyaa. Mdogo wangu alikula sehemu yangu ili isionekane. Daku niliamshwa nikasema nimekunywa maji yananitosha. Mama alimwambia jirani, mimi nikiwa dirishani nasikia, "Mwanangu corona imemrudisha kwa Mungu. Hajawahi kufunga na kuswali hivi." Sauti yake ilikuwa na machozi ya furaha. Niliona aibu, nikasikia na fahari pia, na fahari ikashinda.

Sasa nieleze jambo la wanawake, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi wala haswali. Anakula, kisha anazilipa siku zile baadaye, kabla ya Ramadhani nyingine. Nyumbani kwetu tuliziita siku za kula. Nyuma ya mlango wa jiko mama alibandika kalenda, na chini yake alichora mistari mitatu: wake, wangu, wa mdogo wangu. Kila aliyepata siku za kula aliweka alama kwenye mstari wake ili asisahau anachotakiwa kulipa. Baba alikuwa haijui maana ya zile alama, au alijifanya haijui. Wiki ya pili mama aliweka zake. Wiki ya tatu mdogo wangu akaweka za kwake, akajichekesha kwa kula kiporo cha wali jikoni mbele yetu. Mstari wangu ulibaki mweupe.

Nilijua kwa nini. Siku zangu zilikuwa zimekatika tangu mwanzoni mwa Aprili. Niliandika kwenye kundi, na mmoja wa wale watatu akajibu kwamba hata zake zimekata, ni kawaida, maana yake mwili unachoma mafuta vizuri. Nikaamini. Sikuwa mjinga, nilikuwa mwaka wa pili, nasomea mambo ya lishe ya mifugo. Ng'ombe akiacha kupata joto la kutaka dume ningejua pa kuanzia kuuliza.

Kumi la mwisho la Ramadhani mama alitutuma mimi na mdogo wangu kwa bibi, mama yake yeye, Vihingo kule Kisarawe, tumsaidie kupalilia mihogo na kumwandalia sikukuu. Bibi anaishi peke yake tangu babu afariki. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye utani usioisha, na sisi wajukuu wa kike anatuita mke mwenza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunisaidia au kuniibia mume kaburini?" Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana upande wa pili. Hakucheka tena. "Mbona hivi? Huko kwenu mnapika?"

Nikamwambia ni saumu.

Siku ya tatu tulikuwa uani tunamenya mihogo. Mdogo wangu alikuwa akimsimulia bibi habari za nyumbani, na katika kunisifia akasema, "Bibi, dada mwaka huu amefunga zote. Hajala hata siku moja. Mstari wake kwenye kalenda mweupe pee."

Alisema kwa fahari, alikuwa upande wangu. Kisu cha bibi kikasimama kwenye muhogo.

"Hajala hata moja," alirudia bibi. "Na leo mwezi una ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Wewe mtoto." Hakusema mke mwenza. "Mara ya mwisho umeingia mwezini lini?"

Nilisema sikumbuki. Nilisema wakati mwingine zinachelewa. Bibi alinawa mikono taratibu, akaingia ndani, akachukua simu yake ndogo ya vitufe, na kwa kuwa haisikii vizuri aliongea kwa sauti ambayo hata kuku waliielewa. "Njoo umchukue mwanao. Njoo kesho asubuhi. Ana mimba huyu."

Mdogo wangu alinitazama. Nilitikisa kichwa. Akaendelea kunitazama, na nikaona kwamba hajui tena aniamini kwa lipi.

Mama alifika kesho yake kabla jua halijawa kali, vumbi limemjaa kwenye mikunjo ya hijabu. Sikuwahi kumwona mama amefunga uso vile. Nilimwamkia, hakuitika. Alisema neno moja, "Twende," tukaenda kwa miguu mpaka zahanati, yeye mbele mimi nyuma, barakoa za kitambaa usoni. Njiani nilisema, "Mama, wallahi sijafanya kitu." Akasema bila kugeuka, "Usiape. Umefunga."

Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja siku ile, mwanamke wa makamo. Alinipa kikopo, nikaenda chooni, nikarudi. Tulikaa kwenye benchi kwa kuachiana nafasi kama ilivyoandikwa ukutani, na nafasi ile niliiona kubwa. Mama alikuwa akizungusha pete yake kidoleni. Baadaye aliniambia kwamba pale kwenye benchi alikuwa ameshampanga mjukuu: angelelewa wapi, baba angeambiwaje, chuo ningerudi mwaka gani. Alikuwa amekasirika, na katikati ya hasira ile alikuwa ameshaanza kushona vinguo.

Muuguzi alitoka na kile kijiti cha kipimo. "Mama, binti yako hana mimba."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

"Sasa siku zake ziko wapi?"

Muuguzi alinisimamisha juu ya mizani. Nilivua viatu bila kuambiwa, na nadhani ni hapo alipojua, maana alinitazama miguu kisha usoni. Alinifunua dera mkono, akanishika pale bibi aliponishika. Akaniambia nivue mtandio, akaona nywele zilivyonyonyoka pembeni ya paji. Akaniuliza polepole, "Unakula?"

"Nimefunga," nilisema.

"Sijakuuliza hilo."

Kisha akamgeukia mama.

"Huyu hana mimba. Huyu ana njaa. Nawapokea watoto wachanga wa hivi hapa, wanaletwa na mama zao kwa ajili ya utapiamlo. Sikutegemea kumpokea msomi."

"Njaa?" alisema mama. "Kwangu?"

Kama angeambiwa nina mimba, angelia, angepiga kelele, angenipiga pengine, kisha angejua la kufanya, kwa sababu wanawake kabla yake walishapitia. Lakini njaa, kwake yeye ambaye chungu hakijawahi kulala bila kupanda jikoni, aliyekuwa anafuga kuku na kupanda mihogo nyuma ya nyumba juu ya mshahara wa ualimu ili sisi tusikose, hiyo ilimvua nguo mbele ya watu. Alikaa tena kwenye benchi. Hakukumbuka kuacha nafasi. Bega lake likagusa langu, na mfupa wangu aliusikia, maana alishtuka.

Tuliporudi, bibi alikuwa mlangoni. Mama alimweleza kwa maneno mawili matatu. Bibi hakuomba radhi kwa kunidhania mimba, wala sikutegemea. Aliingia jikoni. Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi ishirini na tano wa Ramadhani, kijiji kizima kimefunga, na bibi yangu aliwasha moto, akakoroga uji wa mtama, akatia tui la nazi na sukari, akauleta uani kwenye bakuli la bati na kuuweka juu ya kigoda mbele yangu.

"Mgonjwa hafungi," alisema. "Kunywa."

"Bibi, watu wanapita."

"Wapite."

Nilishika kijiko. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Watu waliokuwa wanakwenda shamba walipita njiani, wakatoa salamu, wakaona msichana mzima anakunywa uji mchana wa Ramadhani, na bibi aliwaitikia kwa sauti kubwa kama kawaida. Mama alikaa mkabala nami juu ya jamvi, amefunga, midomo imekauka, akiangalia kila kijiko kikipanda na kushuka. Machozi yalimtoka bila sauti. Mdogo wangu alisimama kwenye nguzo ya jiko. Hakuna aliyemkumbuka mdogo wangu siku ile. Tulimwacha pale anatazama.

Bakuli lilipofika nusu mama akauliza, "Ulikuwa unafunga kwa ajili ya nani?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya Mungu. Nilifungua mdomo niseme. Nikaona nikisema hivyo nitakuwa nimemdanganya yeye na Mungu kwa pumzi moja. Nikatoa simu nikamwonyesha lile kundi. Alisoma kwa muda mrefu, akipandisha kwa kidole, picha za mbavu, namba, makofi, kiboko. Mwalimu anasoma kila kitu. Alipomaliza alinirudishia simu akasema, "Hawa wenzako wana mama zao?" Nikasema wanao. Akasema, "Maskini."

Nilikaa Vihingo mpaka sikukuu ikapita, na mama na baba wakaja kula Idi huko. Nguo yangu ya Idi, iliyoshonwa kwa vipimo vya mwezi wa Shaabani, ilinining'inia mabegani, mama akaibana kwa pini nyuma ili baba asiulize mbele za wageni. Nilikula mara tatu kwa siku bibi akiwa amekaa mbele yangu, na nililia mara nyingi, na siku nyingine nilimchukia kwa moyo wote. Nilikuwa najua nafanya nini na bado sikuweza kuacha kuhesabu tonge. Watu wanadhani ukishaambiwa basi umepona.

Juni vyuo vilifunguliwa. Nilirudi hosteli na wenzangu wakaniambia nimependeza. Hilo ndilo lililonitisha, kuliko hata mizani ya zahanati: nilikuwa nimerudishiwa nyama kidogo na bibi, nywele bado zinanyonyoka, kupanda ngazi napumzika katikati, na watu walinizunguka kuniuliza siri. Nilitoka kwenye kundi bila kuaga. Nilipaswa kuwaambia. Yule wa chumbani aliyeandika kwamba zake pia zimekata, nilipaswa kumshika mkono nikampeleka kwa daktari, na nilichofanya ni kuhamia chumba kingine. Niliona aibu. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Mama alichukua ile kalenda akaja nayo siku moja aliponitembelea. Mstari wangu alikuwa ameujaza wote kwa kalamu nyekundu, siku thelathini. "Hizi zote utazilipa," alisema, "lakini uzilipe ukiwa mzima. Sitaki hata moja kabla hujawa mzima." Nilimwahidi. Kipimo chetu cha uzima kilikuwa kimoja, hatukuhitaji kukitaja.

Kilichelewa. Miezi ilipita. Nilikwenda hospitali, nikapewa ushauri, nikaongezwa chakula, nikaambiwa mwili una kumbukumbu na utarudi ukiniamini. Niliposikia wasichana wenzangu wakilalamika tumbo la mwezi nilitoka chumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na usiku kabla ya kulala niliomba maumivu yale kama watu wanavyoomba kazi.

Ramadhani iliyofuata ikaingia. Shule zilikuwa wazi, chuo kiko wazi, na mimi kwa agizo la mama sikufunga. Nilikula kwa kujificha chumbani mchana, safari hii nikificha kula. Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi nilirudi nyumbani Mbwawa. Mama alikuwa msibani mtaa wa pili, baba hayupo. Nilikwenda chooni, na nikaona damu.

Nilikaa kwenye ile sakafu ya choo nikalia kwa furaha mpaka nikapaliwa. Kisha nikanawa nikaenda jikoni mbio, maana kulikuwa na kalenda mpya nyuma ya mlango, na mistari mitatu, na nilitaka mama akirudi aikute alama yangu. Nilichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari. Nikaweka alama. Mstari wa mama ulikuwa na alama sita, mwanzoni mwa mwezi. Wa mdogo wangu ulikuwa mweupe, toka siku ya kwanza mpaka ile ya ishirini na sita.

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Mama angewezaje asione? Lakini najua angewezaje. Alikuwa anautazama mstari wangu.

Mdogo wangu alikuwa chumbani, amejilaza, amevaa sweta na jua lote lile. Nilimwita jikoni. Alipoinua mikono kufunga nywele, mikono ya sweta ilishuka, nikaona viwiko. Chini ya mto wake baadaye niliukuta uzi, una mafundo mengi kuliko yangu.

Niliwasha jiko la mkaa. Nikakoroga uji wa mtama, nikatia tui na sukari, nikamimina kwenye mabakuli mawili, nikayaweka juu ya meza.

"Mimi nimefunga, dada," alisema.

Alisema kwa sauti yangu. Hata ile namna ya kutazama pembeni ilikuwa yangu. Alinitazama mwaka mzima akajifunza, na mimi ndiye niliyemshikia uzi.

"Najua," nilisema. "Nimeiona kalenda. Kaa."

Akakaa. Nilianza kunywa wangu, taratibu, ananitazama. Nilikuwa na ruhusa siku ile, ningeweza kumwambia, lakini sikutaka aone ruhusa. Nilitaka aone kula. Uji wake ukapoa, ukafanya ngozi juu. Nikaurudisha sufuriani, nikaupasha, nikamrudishia. Akaanza kulia, akasema nimhurumie, yeye si kama mimi, yeye anajua mpaka wake. Nilimwambia na mimi niliujua. Uji ukapoa tena. Nikaupasha tena.

Mama alirudi msibani alasiri akatukuta hivyo, mabakuli mawili mezani. Aliniangalia mimi, akamwangalia mwanawe wa pili, mkono wake mwembamba ndani ya sweta. Nilimwona akielewa. Aligeuka mara moja kutazama nyuma ya mlango, kwenye kalenda, kisha akavuta kiti akakaa nasi, amefunga, bila kuvua mtandio wa msibani.

"Pasha tena," aliniambia.

Nilipasha mara ya tatu. Mdogo wangu alishika kijiko.